Nieleze Bila Kusema Kizunguzungu

Fundi rangi alikuwa mtu wa kupiga mluzi. Alichanganya rangi akipiga mluzi, akapanda ngazi akipiga mluzi. Kisha mluzi ukakoma. Hata kugeuka kitandani aliogopa.

Ilianza siku moja alipokuwa akipaka dari. Alipoinua uso, chumba kizima kilizunguka. Aliikumbatia ngazi, akafumba macho. Kopo la rangi likaanguka chini. Kaka yake alikuwa amepooza mwaka mmoja kabla. Fundi akawaza, "Sasa ni zamu yangu."

Nyumbani, mama mkwe hakungoja amalize kueleza.

"Presha hiyo, baba. Mimi naijua. Meza kidonge changu."

Akameza. Baadaye aliposimama, macho yaliingia giza, akaanguka mlangoni. Mke wake akapiga kelele.

"Mama, dawa yako ni yako peke yako! Tunakwenda zahanati sasa hivi."

"Nilitaka kusaidia tu," mama mkwe alisema, machozi yakimlengalenga.

Huko zahanati, tabibu alimpima. Presha ilikuwa imeshuka kwa sababu ya kile kidonge. Akamlaza mpaka ikapanda tena. Kisha akamketisha.

"Shida yako nini, baba?"

"Kizunguzungu."

"Neno hilo limebeba mambo mengi. Nieleze bila kulitaja."

Fundi alibabaika. Mwishowe akasema, "Nikigeukia kulia kitandani, nyumba inazunguka. Nikiinua uso, vilevile. Nikitulia kidogo, inaacha."

"Mdomo umepinda? Mkono au mguu umelegea? Ulimi mzito? Unaona vitu viwiliviwili? Kichwa kimeuma ghafla?"

"Hapana."

"Vizuri. Likitokea hata moja kati ya hayo, usingoje. Kimbilia hospitali."

Tabibu alimtembeza chumbani, akamwangalia shingo. Kisha akasema, "Sasa nitakulaza haraka, kichwa kimegeukia kulia. Nyumba itazunguka. Usifumbe macho."

"Unataka kuniletea hali hiyo makusudi?"

"Ndiyo. Ugonjwa ukijificha, nitautibu vipi?"

Fundi alitazama mlango. 

"Nishike, mama watoto."

"Nimekushika."

Tabibu akamlaza. Dari ikazunguka.

"Nakufa!"

"Hufi. Nitazame."

Macho ya fundi yalikuwa yakichezacheza yenyewe. Punde yakatulia.

"Macho yako yamenijibu," tabibu alisema. "Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno. Vinatusaidia tusiyumbe. Vyako vya sikio la kulia vimehama mahali pake. Huku si kupooza."

"Siku zote nasema kichwa chako kina mawe," mke alisema. Fundi hakuweza kucheka.

Tabibu alikigeuza kichwa cha fundi taratibu, hatua kwa hatua, ili vijiwe virudi mahali pake. Akamwambia, "Ngazi usiiguse mpaka nikuone tena. Wengine hufanyiwa hivi mara mbili au tatu."

Siku chache baadaye walirudi zahanati. Tabibu akarudia kazi ileile.

Kesho yake asubuhi, mke alisema, "Haya, geukia kulia."

"Siwezi."

"Geuka, mume wangu."

Fundi alikamata shuka kwa mikono miwili.  Akageuka, akangoja nyumba izunguke. Kuta zilisimama. Dari ilitulia juu yake. Hapo akalia kwa sauti, kwa maana moyoni alikuwa amekwisha kujizika.