Picha Zilizobaki Kompyuta Namba Saba

Kila siku akitoka shule, Chapchap alikuwa na kazi moja kabla hajavua viatu: kupita kwa jirani yao fundi cherehani, kuchukua gazeti la jana, na kumpelekea Bibi. Bibi alivaa miwani, akachomoa penseli nyekundu iliyokaa siku zote mfukoni mwa gauni lake, kisha akaanza kuwinda makosa. Habari hazikumshughulisha sana. Herufi iliyorukwa aliitia mduara, mstari uliorudiwa aliukata. Hata pakiti ya chumvi haikusalimika. Siku moja Mama aliikuta jikoni imeandikwa kwa wekundu, "Ipangwe upya," akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, gazeti limeshachapwa na watu wameshafungia karanga," Chapchap alimwambia siku hiyo. "Sasa unamsahihishia nani?"

"Nalisahihishia jicho langu, mke mwenzangu. Jicho lisipopewa kazi hulala."

Bibi alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha kuchapa. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi, na kila moja ilikaa katika kijumba chake ndani ya kasha la mbao. Mpangaji aliziokota moja moja kwa vidole na kuzisimamisha kwenye kibao cha chuma, zikiwa zimegeuka, ili zikigusa karatasi zitoke sawasawa. Ukurasa mmoja wa kitabu uliweza kumla mtu asubuhi nzima.

Mjukuu wake hakuwa na subira ya namna hiyo. Jina la Chapchap alilipata darasa la tatu, kwa sababu alimaliza kila kitu kabla ya wenzake: kuandika, kula, hata kufagia, ingawa Mama alizoea kukuta takataka chini ya kitanda. Mwenyewe alilipenda jina hilo, akaliandika kwenye madaftari yake yote.

Mwaka huo shule ilianzisha klabu ya kompyuta. Mwalimu wao, mama mmoja mfupi aliyetembea na furushi la funguo kiunoni, aliwafundisha kutengeneza kurasa za tovuti. Waliandika maneno, wakayazungushia alama za kuiambia kompyuta: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa weka picha. Siku ya kwanza Chapchap alipobonyeza na kuona kichwa chake cha habari kimenenepa na kuwa cha buluu, alipiga kelele hadi darasa la jirani likagonga ukuta.

Aliuita ukurasa wake "Safari ya Maandishi". Ulianzia kwa watu wa kale waliochora alama kwenye vibao vya udongo mbichi kwa kijiti cha tete, ukapita kwenye ngozi za wanyama, karatasi, herufi za risasi, taipureta na utepe wake wa wino, mpaka simu ya mkononi. Picha zilikuwa tisa, na ya tisa ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Ilimwonyesha Bibi akiwa kijana pamoja na wenzake watatu wa kiwandani, wamevaa aproni, wamesimama mbele ya makasha ya herufi, vidole vyeusi kwa wino. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja, ndogo kama kiganja cha mtoto. Mwalimu alipoipitisha kwenye skana ili iingie kwenye kompyuta, Bibi alisimama kando ya mashine kama askari mpaka iliporudi mkononi mwake.

"Nitaiona lini?" Bibi aliuliza kila jioni. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu, na la kulia lilikuwa linalifuata. "Siku hizi nikiishika naona aproni tu. Herufi za gazeti bado nazipata kwa mazoea, lakini nyuso ndogo hivi sizioni tena."

"Jumamosi kwenye maonyesho, Bibi. Nyuso zitakuwa kubwa kama sinia."

"Basi nitafika kabla ya mlango kufunguliwa."

Klabu ilikuwa na sharti moja. Kila ukurasa lazima ufunguliwe kwenye kompyuta nyingine, na mwanafunzi mwingine, aukague mwanzo hadi mwisho. Jina la mkaguzi liliandikwa kwenye fomu, na fomu ikapewa mwalimu pamoja na kazi. Alhamisi mchana Chapchap alikuwa wa kwanza kumaliza, kama kawaida yake. Alimgeukia mwenzake wa kompyuta namba mbili, msichana waliyemwita Konokono kwa jinsi alivyofanya mambo taratibu.

"Konokono, njoo unikagulie."

"Nisubiri nimalize aya hii. Dakika kumi tu."

Dakika kumi! Chapchap aliutazama ukurasa wake kwenye namba saba. Picha zote tisa zilikuwa zinang'aa. Sasa akaguliwe nini? Nikimwomba atanikubalia tu, alijisemea moyoni. Akavuta fomu, akaandika "Konokono" penye nafasi ya mkaguzi, akaipeleka mezani kwa mwalimu na kwenda zake kucheza. Hilo nalo alilifanya chapchap.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa shule ulijaa wazazi. Bibi alikaa kiti cha mbele kabisa, gauni limepigwa pasi, Mama pembeni yake. Mwalimu alikuwa amehamisha kazi zote kwa flashi na kuziweka kwenye kompyuta yake ndogo iliyounganishwa na projekta. Alitangaza kwamba kazi zitakazofaulu zitawekwa kwenye tovuti ya shule, zionekane popote duniani. Chapchap alipoitwa alipanda jukwaani kwa hatua mbili badala ya nne.

Kichwa cha habari kilitokea ukutani, kikubwa na cha buluu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akashusha ukurasa. Mahali pa picha ya kwanza palikuwa na kisanduku cheupe kitupu chenye alama ndogo ya karatasi iliyochanika. Pa picha ya pili, vivyo hivyo. Aliendelea kushusha mpaka chini, visanduku tisa, vyote vitupu.

Kwenye kiti cha mbele, Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Akainama kuelekea ukutani.

"Sioni kitu," alimwambia Mama kwa sauti ya chini. "Ndiyo macho yameisha kabisa?"

"Hapana, Mama. Hakuna kitu pale."

Maneno hayo yalimfikia Chapchap na kumchoma. Mwalimu naye alikuwa ameshachukua fomu.

"Aliyekagua kazi hii ni Konokono. Konokono, hebu simama. Uliufungua ukurasa huu kwenye kompyuta nyingine?"

Konokono alisimama polepole. Alimtazama mwalimu, akaitazama fomu, akamtazama Chapchap.

"Mimi, Mwalimu? Sikumbuki kama..."

"Hukumbuki? Na jina lako hili hapa? Na mimi nilikuwa nimeamua kukupa kazi ya kukagua tovuti nzima ya shule."

Nyuma ukumbini mtu alicheka. Macho ya Konokono yalianza kujaa maji. Chapchap alijua angeweza kunyamaza. Sekunde chache tu zingetosha, Konokono angeketi na mambo yangepita. Lakini alijua pia kwamba mwenzake angebeba mzigo usio wake, mbele ya baba yake aliyekaa safu ya tatu. Ulimi ulikuwa mzito, akausukuma.

"Si yeye, Mwalimu. Jina lake nimeliandika mimi. Aliniomba nisubiri dakika kumi, nikakataa. Hakuuona kabisa ukurasa huu."

Mwalimu aliiweka fomu mezani.

"Konokono, keti mwanangu, nisamehe. Na wewe, hilo la kuandika jina la mtu tutalizungumza Jumatatu. Sasa niambie, picha zako ziko wapi?"

"Ziko kwenye kompyuta namba saba. Kwenye folda yangu."

"Hapo ndipo ulipoteleza. Ukurasa haubebi picha, unabeba anwani ya mahali picha ilipo. Wewe umewaambia wageni wote hawa kwamba picha iko chumbani kwako, chini ya mto. Ukiwa chumbani unaiona. Wengine hawana ufunguo."

Wageni walicheka, safari hii bila ubaya. Mwalimu alichomoa ufunguo mmoja kwenye lile furushi lake.

"Wageni watapumzika nusu saa. Nenda karekebishe."

Chapchap alikimbia hadi chumba cha kompyuta. Alipogeuka kufunga mlango alimkuta Konokono nyuma yake, ametunisha mashavu.

"Ungenisubiri tu," Konokono alisema. "Dakika kumi zingekuua?"

"Nisamehe. Nimekukosea sana."

"Umenikosea, ndiyo. Baba yangu alikuwa pale." Alivuta kiti cha namba mbili akaketi kwa kishindo. "Haya, rekebisha. Lakini leo nakagua kwelikweli, usije ukanilalamikia."

Chapchap aliunda folda moja, akaweka ukurasa na picha ndani yake, kisha akaandika upya anwani za picha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Akanakili kila kitu kwenye flashi na kumpa Konokono. Konokono alifungua ukurasa, akaanza kusoma kila mstari huku akifuata kwa kidole. Chapchap aliuma midomo asiseme "fanya haraka".

"Nane zipo," Konokono alisema hatimaye. "Ya tisa hakuna."

"Haiwezekani!"

"Njoo ujionee mwenyewe."

Kweli, ya tisa haikuwapo. Katika haraka zake Chapchap alikuwa ameandika anwani mpya ya picha ya Bibi lakini akasahau kuitia picha yenyewe kwenye folda. Walitazamana, na mashavu ya Konokono yakashindwa kuendelea kununa. Wakacheka wote wawili. Chapchap aliiweka picha, Konokono akafungua tena na kusoma tena tangu juu, kisha akachukua fomu na kuandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Wageni waliporudi, picha ya tisa ilijaa ukuta mzima. Wanawake wanne wa aproni walitazama ukumbi, nyuso kubwa kuliko sinia. Bibi aliinuka bila kuombwa. Alitembea mpaka ukutani, akawatazama mmoja mmoja, na mwanga wa projekta ukamwangukia mgongoni. Akasimama mbele ya yule wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu alikuwa msoma prufu wetu," alisema. "Ukurasa haukwenda mashineni mpaka achapiwe karatasi ya majaribio, ausome na kutia saini. Na alikuwa rafiki yangu. Mwaka mmoja nilipanga kalenda. Ilikuwa Jumamosi, nina haraka ya kwenda harusini, nikaipeleka mashineni bila kumwonyesha. Zikatoka kalenda elfu moja zenye Februari ya siku thelathini."

Watu waliangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Msimamizi hakuniuliza mimi. Alimfokea yeye, maana prufu ilikuwa kazi yake. Akamwondoa, akampeleka kubandika bahasha kwa gundi. Mimi nilikuwa pale pale, herufi mkononi, na sikufungua mdomo. Alihama mji bila kuniaga. Nilitaka kumwona uso mara moja tena, ndiyo maana nimewasumbua."

Chapchap aliteremka jukwaani na kumshika mkono.

Jumatatu mwalimu alitoa hukumu. Chapchap atakuwa msaidizi wa Konokono muhula mzima, na kila ukurasa wa tovuti ya shule atausoma chini ya macho ya mwenzake. Ukurasa wake utapanda kwenye tovuti, ila jioni hiyo, baada ya kukaguliwa. Bibi alikuja, akakalishwa mbele ya namba mbili. Alikuwa na ombi moja, iongezwe sentensi chini ya picha yake. Alisema, Chapchap akaandika:

"Kosa la kalenda halikuwa la wa tatu kutoka kushoto. Lilikuwa langu, wa kwanza."

Konokono aliikagua. Kisha Bibi akasogeza pua hadi karibu na kioo, akasoma, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni. Penseli nyekundu ikatoka.

"Bibi, usiandike kwenye kioo!" watoto wakapiga kelele pamoja.

"Nilitaka kuweka alama ya vema tu," alisema, akairudisha mfukoni. "Huyu rafiki yangu ataiona?"

"Akiwa hai, yeye au wajukuu wake wanaweza kuiona, popote walipo," mwalimu alisema. "Na tukikosea tena tutarekebisha. Hii si kama kalenda zako, Mama."

Bibi alitikisa kichwa.

"Mwanangu, miaka arobaini nimejitetea hivyo hivyo, kwamba karatasi zilishatoka, ningefanya nini. Lakini ulimi wangu haukuwa wa risasi. Siku ile ile ningeweza kusema kosa ni langu, kama alivyosema huyu." Alimgeukia mjukuu wake. "Sikiliza, mke mwenzangu. Kazi usiikimbilie. Mpe mwenzio aikague, na umsubiri hata akienda mwendo wa konokono. Lakini ukikosa, kosa lako liite lako palepale, kabla halijamwangukia mwingine. Mimi nilichelewa miaka arobaini, wewe hukufika hata dakika mbili. Hapo ndipo pa kuwa chapchap."