Ua wa Marlys na Msitu wa Dada Yake

Kila Jumamosi ya pili ya Oktoba, Marlys Quist na mumewe Orrin walikuwa wakisafisha uwanja wa nyumba yao. Majani makavu hukusanywa kwa reki. Mwisho kabisa ua unaouzunguka hupunguzwa, na matawi yake hutupwa nyuma ya senyenge, kwenye msitu wa Ardis, dada yake Marlys. Walifanya hivyo miaka thelathini. Huku Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, watu husema kilichotoka kwenye mti kirudi msituni, na hakuna aliyeona kosa, mpaka miaka miwili ya mwisho Ardis alipoanza kulalamika.

Ua huo ni wa vichaka viitwavyo bakthoni. Vina miiba mifupi na tunda dogo jeusi. Miti mingine ikiwa imebaki uchi, vyenyewe bado ni vya kijani. Marlys alivipenda kwa hilo.

Mwaka mmoja, Jumamosi hiyo, Orrin alikuwa anarusha tawi la mwisho, Ardis akatokea upande wa pili.

"Endelea tu, shemeji," alisema. "Nizike kabisa."

"Umeamkaje, dada?" aliuliza Marlys.

"Nimeamka vibaya. Dhoruba ya Julai imeangusha miti kumi na moja ya mepo. Nimetafuta miche ya kushika nafasi yake, sijaona hata mmoja. Chini kote ni takataka yako hii ya kijani!"

"Takataka yangu? Wanaopanda ni ndege, wanaokula matunda na kuangusha mbegu. Na ndege nao ni wangu?"

"Ndege hawana mikono ya kurusha matawi, Marlys."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba amemwita mnunuzi wa mbao aikate miti iliyosalia. Msitu usio na miche hauna kesho.

Marlys alishtuka. Miti ile ya mepo aliiacha baba yao. Kila mwisho wa baridi waliitoboa shina, wakakinga maji yake matamu na kuyachemsha siku nzima mpaka yakawa mazito kama asali.

Alikwenda mbio kwa jirani yake, Pa Houa Vang, ambaye ni bibi misitu wa wilaya. Pa Houa aliacha maboga yake, akavaa glavu, akaja kuutazama ua.

"Mimi mwaka juzi nilikata upande wa barabarani wote," Orrin alimwambia. "Palipokuwa na shina moja, sasa kuna kumi. Kichaka hiki kina kiburi kuliko mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako ni mama yangu," alisema Marlys.

"Ndiyo maana najua."

Pa Houa alicheka, lakini kidogo tu. "Baba, ukikata ukaondoka, umekipa nguvu. Kata chini kabisa, halafu papo hapo paka kisiki dawa ya kuua magugu. Tumia brashi ndogo. Usinyunyize, utaua na visivyo na kosa. Na usome maandishi ya chupa kwanza."

"Na vidogo?" aliuliza Marlys.

"Vidogo ng'oa kwa mkono mvua ikishanyesha, na mizizi yake. Wakati mzuri ni sasa, maana vinajionyesha vyenyewe. Chochote kilicho kijani peke yake, ndicho."

"Matawi yenye matunda je?"

"Yabaki hapa hapa uwanjani. Mama, kila tawi ulilorusha kule lilikuwa mfuko wa mbegu. Kivuli cha bakthoni kinaua mche wa mepo kabla haujafika gotini."

 Kesho yake kanisani Marlys na Orrin waliungama dhambi pamoja na wengine wote. Sala aliyoizoea tangu utoto, Marlys aliisema polepole, neno kwa neno. Ardis alikaa benchi la mbele, hakugeuka.

Walifanya kazi siku nne. Orrin alikata, Marlys akafuata na brashi. Jioni ya Alhamisi alikwenda kwa dada yake, mikono imechanika.

"Tumeukata ua wote," alisema. "Na kwako nitakuja kung'oa, hata kwa magoti. Usiuze."

Ardis alikuwa anamenya viazi. "Nilitia sahihi Jumanne."

"Jumanne! Ulishindwa kuvuka senyenge ukaniambia?"

"Nilikuambia miaka miwili. Ulinijibu habari za ndege."

Januari mashine za kukata miti ziliingia msituni. Zilibaki mepo tatu tu, zile za mpakani.

Marlys hakuacha. Kila Oktoba aling'oa miche ya bakthoni, kwani mbegu zilizolala ardhini huota miaka mingi. Hakurusha tena hata jani nyuma ya senyenge. Masika ya tatu, pale ulipokuwa ua, paliota miche myembamba yenye majani mawili mawili. Pa Houa aliinama akaitazama. "Mepo," alisema. "Upepo umeleta mbegu, nayo imepata jua."

Marlys alimwita Ardis. Alikuja, akaihesabu kwa kidole. Ishirini na sita.

"Miaka arobaini mpaka itobolewe," alisema.

"Ndiyo."

"Hatutakuwepo."

"Hatutakuwepo, dada."

Ardis hakusema amesamehe. Alikunja sketi, akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, akang'oa kibakthoni kimoja kilichojificha kati ya miche.

"Umeacha hiki," alisema. "Sogea huko, tuanzie mwisho."