Msikizi na Salamu za Fundi Mughwai

Kila saa ilipotimia, Msikizi aliwajulia hali maelfu ya watu kwa mpigo mmoja. Aliwauliza mafundi waliokuwa peke yao juu ya milingoti ya umeme wa upepo Singida, walinzi wa mabomba ya maji nyikani, na wapima madini walioshuka mashimoni bila mwenzi. Kila mmoja alivaa kifuani kidude mfano wa kifungo cha koti, na ndani yake sauti ya upole iliuliza, "Habari za kazi?" Aliyejibu vema, taa yake iliwaka kijani ukutani, makao makuu Dodoma. Aliyelalamika au kunyamaza, taa yake iligeuka nyekundu, na ndege-tabibu isiyo na rubani ikaruka kumfuata.

Aliyemuunda Msikizi ni Mhandisi Zabibu Chiwanga. Kabla yake palikuwa na bangili ya mapigo, iliyopima moyo wa mfanyakazi kutwa nzima na kumkata ujira kila ulipotulia, kwa kuwa moyo mtulivu ulihesabiwa kuwa wa mvivu. Mafundi walizivua bangili hizo wakawavalisha mbuzi. Zabibu alipokwenda Singida kuwasikiliza, fundi mkongwe aliyeitwa Mughwai alimpa kigoda na kumcheka.

"Mwanangu, ng'ombe ndiye anayepimwa. Mtu huulizwa hali."

"Na ukiulizwa utasema kweli, mzee?"

"Nitadanganyaje, nawe umeniuliza kwa adabu?"

Juu ya maneno hayo Zabibu akajenga mtambo wake. Majaribio yalifanyika ofisini, kwa watu waliokaa vitini wakinywa chai, wasio na shida ya kueleza. Kisha Mkurugenzi Rweyendela akaagiza kwamba mawasiliano yakatwe mara tu neno jema linaposikika, maana muda wa setilaiti ni ghali. Zabibu alisita. Hatimaye akatia sahihi.

Siku moja ya kiangazi, taa ya Mughwai ikageuka nyekundu. Ndege-tabibu iliruka kama ilivyopaswa, ikamkuta fundi ananing'inia kwenye mkanda wake juu ya mlingoti, mguu umesagwa katika gia, damu imekwisha kukauka.

Zabibu aliomba kusikia majibu yake ya mwisho. Yalikuwepo, mafupi mno.

"Salama, mwanangu, ila—"

"Ahsante. Kazi njema."

Saa iliyofuata alijibu kwa haraka, kama mtu anayeshindana na mlango unaofungwa: "Salama ila mgu—"

"Ahsante. Kazi njema."

La mwisho lilikuwa mnong'ono. "Njema..." Alilelewa hivyo: shida haiitangulii salamu, na hata mfiwa huitikia "njema" kwanza, ndipo aseme yaliyomkuta.

"Tuuache mtambo usikilize hadi mtu amalize," Zabibu alimsihi mkurugenzi. "Wako wengine huko juu."

"Mtambo umefanya kazi yake, Mhandisi. Mtu kasema mwenyewe yuko salama. Unataka tumbishie marehemu?"

"Hakuwa amemaliza kusema."

"Basi angeanza na la maana."

Zabibu alisafiri peke yake kwenda matangani, na kwa kuwa alikuwa peke yake, kanuni ilimlazimu kuvaa kifungo. Alimkuta mjane mkekani, katikati ya wanawake.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri, mwanangu," mjane aliitikia, akamsogezea nafasi. "Ila ndiyo hivyo, mwenzangu kanitoka. Tena wanasema hakuita mtu. Mughwai huyu? Akipotelewa na kuku, kijiji kizima hakilali! Hebu niambie wewe uliyesoma, mwanangu. Hakuita?"

Zabibu alifungua kinywa. Kifungo kikamtangulia.

"Habari za kazi, Mhandisi?"

Wanawake wote wakageuka, wakangoja, kwani mtu hasalimiwi akanyamaza.

"Nzuri," ulimi wake ukaitikia wenyewe, kama ulivyofunzwa utotoni. "Ila—"

"Ahsante. Kazi njema."

Mjane alikitazama kile kifungo. "Kumbe aliita," akasema.