Radhi Kabla ya Majibu

Enyi watu wa Likoni, nisikilizeni, maana jambo hili naliona kila mtaa na kulinyamazia nimechoka.

Asubuhi moja Mwanatatu alikuwa kibarazani kwake Mtongwe, akimenya muhogo taratibu. Tangu atundikiwe dripu ya mwisho ya dawa ya saratani, kila alichoonja kilikuwa na ladha ya msumari. Leo chai ya tangawizi ilipita. Mumewe Hashim alikuwa kibaruani bandarini, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza anaendeleaje. Kesho angesomewa majibu ya picha: uvimbe wa titi umenywea, au umetambaa? Daktari mwenyewe alikuwa hajui.

"Hodi!"

Wifi yake, Mwanakombo, aliingia na buibui lake la matangani. Akamshika mkono, machozi yakaanza.

"Wifi, nimekuja tusameheane. Siku ile ya harusi ya mwanangu Ishaka nilikusema vibaya. Nipe radhi, dunia mapito."

"Nimekusamehe," Mwanatatu akajibu kwa sauti iliyochakaa.

Wiki ile alishasamehe majirani, mashangazi, hata muuza mkaa aliyewahi kumpunja. Kuombana radhi ni jambo jema, ndugu zangu, dini inalitaka. Lakini mbona hamkumuomba alipokuwa akibeba ndoo zake mwenyewe? Kila aliyekuja alikuwa akimwambia kwa adabu: unakufa. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza nguo za mgonjwa zinafuliwa na nani. Zilikuwa zimerundikana pembeni, zanuka jasho la dawa.

Jioni binti yake, Samiha, alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama, nisamehe. Ile sahani nilivunja mimi, nikamsingizia paka."

"Nani kakwambia uniombe radhi?"

"Shangazi Mwanakombo."

Mwanatatu hakulia. Alimngoja Hashim aingie, akamwambia, "Kesho siendi."

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Majibu nyote mnayo, nimebaki mimi tu. Nimechoka, Baba Samiha."

Hashim alivua viatu, akaketi kando yake.

Asubuhi mlango uligongwa kwa ngumi. Alikuwa Lynnette, jirani wao wa kutoka bara.

"Mama Samiha! Beseni yangu iko wapi?"

"Lichukue, mwenzangu. Mimi safari yangu imefika."

"Safari gani na beseni yangu? Tangu Ramadhani unaniambia kesho, kesho. Ukienda nitamdai nani?"

Mwanatatu akamtazama. Kicheko kikamtoka, chembamba, kikamuuma mbavu. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumdai kitu. Na anayedaiwa ni aliye hai.

"Limejaa nguo chafu," akasema.

"Basi nitangoja. Vaa kwanza, twende hospitali. Ile foleni haina huruma."

Wakaenda. Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu. Uvimbe haukukua, wala haukupungua. Aendelee na dawa, arudi baada ya miezi mitatu apigwe picha nyingine. Haikuwa furaha, haikuwa msiba. Ilikuwa ni kungoja upya. Kwenye feri ya kurudi Mwanatatu alisinzia begani mwa Lynnette.

Nyumbani alimkuta Mwanakombo na wanawake wengine, mkeka wameshatandika.

"Ehe, wasemaje?" Mwanakombo akauliza.

"Bado nipo."

"Alhamdulillahi! Basi, wifi, kama kuna jengine nilokukosea..."

"Lipo." Mwanatatu akalisukuma beseni kwa mguu mpaka mbele yake. "Radhi yako imo humo. Sabuni iko dirishani. Na ukimaliza, beseni ni la Lynnette."

Mwanakombo akalitazama beseni, kisha buibui lake. Akalivua, akakunja mikono ya kanzu. Mwanatatu akaingia ndani kulala, na kwa mara ya kwanza tangu augue alisikia nguo zake zikifuliwa na mkono usiokuwa wake.

FUNZO

Mgonjwa wa saratani huchoshwa na dawa, huchoshwa na kungoja. Msimuongezee uchovu wa kuagwa. Ukimkosea mtu, muombe radhi angali mzima. Na akiugua, radhi ya kweli ni kumshikia kazi na kufuatana naye hospitali, hata majibu yakiwa hayajulikani. Nami nasema, anayekasirika na akasirike:

Mgonjwa si marehemu, acheni kumhukumu,
Fueni nguo kwa zamu, radhi hiyo ni adhimu.