Miguu ya Kihisi

Hakuna kitu kilichowahi kumshinda jasusi Nyegere. Hakuna, naapa! Haya, kipo kipande cha waya kisichofika urefu wa kidole. Na yupo Mama Stoo, mtunza vifaa wa kikosi. Ukiwatoa hao wawili, hakuna.

Saa nane mchana. Ghorofa ya tatu, pazia nusu.

Nyegere alipiga magoti chini ya dirisha, bastola ya Beretta kiunoni, jasho puani. Ng'ambo ya barabara, taa ya karakana ya genge ilikuwa inawaka. Kwa macho ya mpita njia, taa tu. Kumbe ilikuwa inakonyeza, mara milioni kwa sekunde, ikirudia ujumbe uleule: lori la dawa bandia litatokea lango gani la bohari.

Dawa za watoto. Ndani yake chokaa tupu.

Redio ikakoroma. "Nyegere, lango gani?"

"Bado, Mkuu."

"Malango kumi na mawili. Askari wangu wanatosha moja. Lori linaondoka saa tisa."

"Najua, Mkuu."

"Kama unajua, mbona husemi?"

Nyegere akaitazama redio kama anayetaka kuitafuna.

Kihisi mwanga chake, kidude cha ukubwa wa punje ya mahindi chenye miguu miwili mirefu ya waya, kiliyaona makonyezo yote. Tatizo kiliyasema kwa kunong'ona. Ndiyo maana alikuwa ameunda amplifaya ya kuukuza mnong'ono huo, na tangu asubuhi amplifaya ilikuwa inamfanya mjinga.

Akaweka rezista kubwa, kile kizuia umeme kinachoamua ishara ikuzwe kiasi gani. Ishara ikanenepa, ikawa nzito kama mlevi, makonyezo yakashikana kama uji.

Akaweka ndogo. Ishara ikapata mbio, lakini ikakonda hata haionekani.

Akaweka ya katikati. Amplifaya ikaanza kupiga makelele yenyewe. Kioo cha osiloskopu, mashine ya kuchora ishara, kikajaa mawimbi ambayo taa haikuyatuma.

"Mashine ya kishetani!"

Saa nane na robo. Akaimeza aibu, akampigia shangazi yake, fundi redio mstaafu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekwama."

"Sijakwama."

"Wewe hunipigii simu ukiwa mzima. Sema."

Akasema. Shangazi akasikiliza huku anatafuna kitu.

"Miguu ya kihisi umeikata?"

"Nimeikata."

"Pitisha mkono karibu nayo, usiguse. Mawimbi yanafanyaje?"

"Yanacheza."

"Muongo mkubwa! Mirefu vilevile hiyo! Miguu mirefu inameza mbio za ishara, halafu inazusha makelele. Kwa nini hukati?"

"Ni ya stoo, shangazi. Nimetia sahihi. Kifaa kirudi kama kilivyotoka."

Msimcheke. Mwezi uliopita Mama Stoo alimnyima likizo kwa sababu ya darubini iliyorudi bila kifuniko. Kupigwa risasi Nyegere alikwisha kuzoea.

"Kwa hiyo watoto wa watu wanywe chokaa, sahihi yako ipone?"

Akachukua koleo.

Tak. Tak.

Vipande viwili vikaruka, hakuangalia vilikoangukia.

"Kilehemu kihisi kilale juu ya ubao kabisa," shangazi akaamuru. "Sasa sokota nyaya mbili nyembamba zenye ganda, zisigusane shaba, uziunge kwenye ncha mbili za rezista. Hiyo ni kapasita ya maskini, ndiyo breki ya makelele. Tena usimtwishe mmoja gunia zima! Unga amplifaya mbili: ya kwanza ikuze kidogo, upesi. Ya pili imalizie."

Saa tisa kasoro dakika nane, kioo kikatulia. Makonyezo yakasimama moja moja, kama meno ya kitana. Kompyuta ikayatafuna, ikatema maneno mawili.

LANGO SABA.

"Mkuu. Saba."

"Una uhakika?"

"Muulize shangazi."

Saa tisa kamili lori likachungulia lango la saba. Likakuta mitutu yote ya Mkuu inalisubiri. Dereva akashuka mwenyewe, mikono juu, funguo mdomoni.

Nyegere naye alikuwa amevuka barabara. Teke moja, mlango wa karakana ukalala. Bosi wa genge akaitazama Beretta, akakaa chini.

"Zima taa," Nyegere akasema. "Inaniumiza macho."

Saa kumi aliingia stoo, miwani myeusi usoni, akamsogezea Mama Stoo boksi kwenye kaunta kama anayetoa zawadi.

"Kihisi kimerudi kama kilivyotoka?"

"Kama kilivyotoka, mama."

Akageuka, akatembea polepole kuelekea mlangoni, mkono mmoja mfukoni.

Mama Stoo akafungua boksi. "Miguu mbona mifupi?"

"Ilikuja hivyohivyo."

"Ahaa." Mama Stoo akavaa miwani yake, ile ya kusomea, akaegemea kaunta. "Basi geuka, mwanangu, unieleze. Hivyo viwili vilivyonasa kwenye mkono wa sweta yako ni miguu ya nani?"