Laptopu Chini ya Kaunta

Siku ya soko mjini Kasese, duka la laptopu kuukuu karibu na kituo cha mabasi lilijaa watu wa kuchaji simu, watu wa kuuliza bei, na watu wa kukwepa jua tu. Katika msongamano huo akaingia msichana mwenye blauzi ya kitenge cha buluu na viatu vya njano. Ocen, muuzaji, aliuona kwanza uzuri wake, kisha akaziona kucha. Zilikatwa fupi kabisa, hazina hata tone la rangi.

Msichana hakuuliza bei. Alifumba macho, akaweka vidole kwenye laptopu ya kwanza, akaandika mbio mbio, akatikisa kichwa. Akasogea kwenye ya pili, akafumba macho tena.

"Madamu, wewe nanunua ama naomba Mungu?" Ocen akauliza.

"Niko nasikiliza klavie," akajibu bila kufumbua macho, vidole bado viko kwenye kibodi. "Hii iko nguvu, inachokesha vidole. Ile ingine inazama kama matope. Na zote ziko za Kiingereza. Miye nilijifunza ya Kifaransa, herufi ziko pahali pengine."

"Si ufungue macho tu!"

"Weye unakulaka ukiangalia kijiko?"

Duka zima likaangua kicheko. Ocen, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambini, hakuzoea kuchekwa, lakini siku hiyo alicheka kuwashinda wote. Hapo kwisha habari yake.

"Nitatafuta ya Kifaransa. Laini. Hiyo ni amri," akasema.

"Ndiyo, afande!" Msichana akapiga saluti, na jina hilo likamganda Ocen tangu siku hiyo.

Aliitwa Emérance. Kwao Butembo, Kongo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akichapa barua na vyeti ofisini, mpaka vita vikamkimbiza. Sasa aliishi Bwera, upande huu wa mpaka, kwa shangazi yake, Tantine Blandine, muuza vitenge. Laptopu hiyo ya kuagizwa aliilipia yote siku ile ile, kisha zikaanza simu.

"Afande, mashine yangu iko wapi?"

"Iko Kampala, sheri," Ocen akajibu, akiazima neno lake la Kifaransa la kuita mpenzi. "Iko njiani."

"Na muuza mashine?"

"Huyo nakuja Jumapili."

Na Jumapili Ocen alikwenda kweli Bwera. Shati limepigwa pasi likasimama, viatu vinang'aa kama vya gwaride. Walikula samaki wa Katwe kwa bugali, wakacheka mpaka Tantine akawafukuza uani. Emérance alipenda kumchapa mgongoni kwa vidole vyake vyote, taratibu, kama yuko kazini.

"Umeandika nini?"

"Kama haujue klavie yangu, hautasoma."

Ocen alitamani mgongo wake uwe mrefu zaidi. Alimpenda yule binti kupita kiasi, nasi tuseme ukweli, kupenda hivyo bila kuuliza swali hata moja ni kujitafutia balaa.

Maana siku hizo Emérance alikuwa na msemo wake: "Nikipata mashine yangu tu, utaona mambo." Kila akiusema alitabasamu, na kila akitabasamu Ocen alibadili mazungumzo.

Laptopu ikafika. Ocen akaifungua peke yake, akagusa kibodi, akaikuta laini kama unga uliochekechwa. Akachukua simu ampigie. Kidole kikasita. Nani Uganda hii anahitaji herufi za Kifaransa? Anayetaka kibodi ya Butembo, si anaitaka Butembo yenyewe?

Angeweza kumuuliza. Lakini kambini kwao amri ya uhamisho ilikuwa haibishi hodi. Rafiki uliyecheza naye asubuhi, jioni yuko juu ya lori na magodoro. Watoto wa kambi hawakuulizana mtahama lini, kwani kuuliza kulikuwa kama kuliita lori. Basi Ocen hakuuliza. Aliiviringisha laptopu kwenye gunia, akaisukuma chini ya kaunta.

"Imefika, mupenzi?"

"Bado. Barabara iko mbaya."

"Hata leo?"

"Vumilia, sheri."

Sauti ya Emérance ikaanza kupoa, wiki baada ya wiki. Mwisho akaacha kuuliza, na Ocen, mjinga wa watu, akashukuru.

Njia ya mwongo ni fupi. Adhuhuri moja Emérance aliingia dukani na viatu vyake vya njano na begi kubwa la safari. Ocen alikuwa nyuma akitengeneza chaja. Mbele alikuwa Musimenta, mwenzake wa dukani, asiyejua lolote.

"Nilikuja kuaga Ocen," Emérance akasema. "Na kama ile mashine ya Kifaransa haifike, basi."

"Ya Kifaransa? Mbona iko hapa siku mingi!" Musimenta akainama, akaitoa kwenye gunia.

Ocen alipotokea, laptopu ilikuwa juu ya kaunta na Emérance anaitazama.

"Sheri..."

"Ulinificha?"

"Mimi nilikuwa naogopa. Niliona ukipata hii, unarudi Butembo."

"Kurudi?" Machozi yakamtoka. "Mzee Muhwezi wa Bwera, mwenye ofisi ya kupitisha mizigo mupakani, aliniahidi kazi. Kuandika mapapya, zile hati za Kifaransa za mizigo ya kwetu. Alitaka mutu mwenye mashine yake. Alingoja, alingoja, akachoka. Kiti kile mutu mwingine ameisha kukikalia. Nilitaka nikushangaze, Ocen. Niliitafuta hii ili nibakie."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake uso kwa uso. Ocen akaizunguka kaunta, akamsogelea.

"Nitaongea na Muhwezi. Nitakuoa, Emérance. Leo hii!"

"Leo? Tantine hana tena namna ya kunilisha. Kaka Hilaire amenipatia kazi kwetu, niko narudi na uoga wangu wote. Ungeniuliza neno moja tu, ningekujibu."

Akafumba macho kama siku ile ya kwanza, akaweka vidole kwenye kibodi, akaandika.

"Iko muzuri?" Ocen akanong'ona.

"Iko muzuri sana. Hiyo ndo inaniumiza."

Akaifunga, akaitia begini. "Mashine napeleka, afande. Weye nakuacha."

Ocen alimfuata mpaka mlangoni, jua likimpiga usoni. Swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu tangu utoto likamtoka lenyewe:

"Utarudi lini?"

Emérance akageuka, akamtazama kwa huruma iliyomuuma Ocen kuliko matusi.

"Sasa ndo unauliza," akasema, akaelekea kwenye gari la Bwera, la kwenda mpakani.