Kopo Jeupe la Shangazi Mageni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lusia alichota maji, akafagia uwanja, kisha akabeba kikombe cha uji hadi chumba cha nyuma alikolala shangazi yake, Mageni. Maji na ufagio havikumsumbua. Uji ndio uliokuwa mzigo, maana mara nyingi kikombe alichokipeleka kimejaa alikirudisha kimejaa vilevile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Funga pazia, mwanga unaniumiza."

Pazia lilikuwa limefungwa tayari. Lusia alilivuta hivyo hivyo ili shangazi aone kwamba amesikia, kisha akaweka uji juu ya stuli.

Mtu huyo aliyeogopa mwanga ndiye yule yule aliyewahi kupata riziki yake mbele ya taa za kamera. Pale Kharumwa, penye machimbo ya dhahabu, hakuna asiyemjua. Alianza kwa kushona sare za shule kwenye baraza la duka moja huko Nyahanga, Kahama, kwa cherehani ya kuazima. Baadaye akawashonea maharusi, akawa anawachagulia hadi viatu na hereni, na bibi harusi akitoka mikononi mwake hata mama yake mzazi alimtazama mara mbili. Sifa zikafika Mwanza, zikafika Dar es Salaam, na kituo kimoja cha televisheni kikamwajiri awavalishe watangazaji wake. Siku mtangazaji mmoja alipougua ghafla, wakamsukuma Mageni mbele ya kamera. Alicheka, akatania, akamwambia mgeni wa kipindi kwamba koti alilovaa linaonekana bado linamtafuta mwenyewe. Watu wakampenda siku hiyo hiyo.

Tangu hapo akawa na kipindi chake kila Jumamosi jioni, kikiitwa Vazi Lako, na yeye akaitwa Madamu Mage. Wachimbaji walikuwa wakija na tope lao kwa Mayala, baba yake Lusia, kumtazama dada yake akimfundisha wakili mzima kufunga tai. Mayala alikaa mbele kabisa na hakuruhusu mtu kukohoa.

Mwaka huu Madamu Mage alirudi na mabegi mawili, uso ameuzungushia mtandio. Mashavu yalikuwa na mabaka meusi, miguu imevimba, na mikono ilitetemeka hata hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Kituo cha televisheni kilimwambia apumzike kidogo, kisha kikaacha kupokea simu zake. Jumamosi zilipofika, msichana mwingine alikaa kwenye kiti chake. Shangazi hakutaka televisheni iwashwe.

Majirani walikuwa na jibu lao. Walisema amerogwa, kwamba nyota yake imewachoma watu macho. Mayala alikuwa akiwakemea, lakini kadiri dada yake alivyozidi kuvimba, ndivyo makemeo yake yalivyopungua nguvu.

Lusia alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kila asubuhi na kila jioni shangazi alitoa chini ya mto kopo jeupe lisilo na maandishi ya kueleweka, akapaka krimu usoni na shingoni. Lusia alimfumania siku moja, na shangazi akamshika mkono.

"Hii ni dawa ya ngozi yangu. Nikiiacha nitakuwa mbaya zaidi. Usimwambie mtu. Ni yetu sisi wawili."

Lusia alifurahi kupewa siri na Madamu Mage. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na katika darasa zima la sita ni nani mwingine aliyekuwa na siri na mtu wa televisheni? Tena, tuseme ukweli, alianza kuchovya kidole. Alipaka kidogo leo, kidogo kesho, shangazi akiwa amelala. Rafiki yake Klara akamwambia, "We Lusia, siku hizi unang'aa." Baada ya sifa hiyo, nani angemzuia?

Mwisho wa mwezi shangazi alivimba hadi macho yakawa kama mistari. Mayala akampeleka hospitali, akalazwa. Kabla ya kuondoka, Mageni alichukua pete ya dhahabu iliyokuwa juu ya stuli, kwa kuwa haikuingia tena kidoleni, akampa Lusia amtunzie. Pete hiyo Mayala aliitengenezesha kwa sonara kutokana na dhahabu yake ya kwanza, zawadi kwa dada yake siku alipopata kipindi. Lusia akaivaa kidoleni isipotee.

Jioni moja alipopeleka chakula wodini, alimkuta Daktari Ignas kando ya kitanda.

"Mama, figo zako zinavuja," daktari alikuwa akisema. "Kuna kitu kinaziumiza na sikijui. Umetumia dawa gani? Za kunywa, za kienyeji, za kupaka?"

"Sijapaka kitu. Nanawa kwa sabuni tu."

Shangazi alimtazama Lusia juu ya bega la daktari. Lusia akainamia hotpoti lake. Alipotoka nje, alimsikia daktari akimwuliza baba yake swali lile lile, na baba akijibu kwamba hajui lolote.

"Bila kujua chanzo, ninapapasa tu," daktari alisema. "Na hana muda mwingi wa mimi kupapasa."

Baba na Lusia walirudi pamoja. Walipofika nyumbani alimwambia mama, "Kesho kutwa namtoa. Kuna mtaalamu ng'ambo ya Shinyanga, wanasema anaweza. Hospitali imeshindwa."

Lusia alielewa kwamba mtaalamu maana yake ni mganga. Alielewa pia kwamba shangazi atabebwa mbali na daktari, na kopo lake litapakiwa kwenye begi. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Angesemaje bila kusema kwamba na yeye amekuwa akiiba? Angemwangaliaje tena shangazi? Alijifungia chumba cha nyuma, na huku analia akalitoa kopo lililoachwa chini ya mto, akapaka, kwa sababu mashavu yalikuwa yameanza kumwasha, naye aliamini krimu ndiyo itakayoyatuliza.

Asubuhi alikuwa akiosha vyombo na mama yake. Mama aliweka sufuria chini.

"Lete huo mkono."

Pete haikuwa ya manjano tena. Ilikuwa imepauka, nyeupe yenye ukungu, zaidi upande wa kiganjani. Baba na mama Lusia walikuwa na mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, nao walitumia zebaki, yale majimaji mazito ya rangi ya fedha yanayokamata dhahabu iliyojificha kwenye mchanga. Katika nyumba ile hakuna aliyehitaji kuelezwa alichokuwa akikiona.

"Pete imeliwa na zebaki," mama alisema. "Lusia, umeishika wapi?"

"Nilichezea chupa ya zebaki ya baba."

Uongo ulitoka wenyewe, bila hata kujipanga. Mayala alisikia akiwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye sanduku alimofungia chupa hiyo, akalitikisa kufuli, akarudi na ufunguo ukining'inia shingoni mwake.

"Sanduku limefungwa, na ufunguo nalala nao. Keti hapa." Alikaa na yeye, jirani kabisa. "Unamkumbuka mzee Maige? Alikuwa akichoma dhahabu ndani ya nyumba, anavuta moshi wa zebaki. Watu walisema karogwa. Hakurogwa. Mikono ilianza kutetemeka. Miguu ikavimba. Figo zikafa, tukamzika. Ndiyo maana nakukataza hata kuisogelea. Sasa niambie ukweli, mwanangu, maana naogopa."

Mikono, miguu, figo. Lusia aliyarudia maneno hayo moyoni. Kumbe mambo hayo alikuwa akiyapelekea uji kila asubuhi.

"Baba, haikutoka kwenye chupa. Imetoka kwenye kopo la shangazi."

Alilileta. Akasema yote, hata ya kidole chake mwenyewe. Mama alimgeuzia uso kwenye mwanga, akaona wekundu kwenye mashavu, akajifunga khanga upya bila sababu yoyote. "Mayu wane," alimwita mama yake kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo. Mayala alilishika kopo kwa kitambaa, akatoka kutafuta bodaboda.

Wodini, Mageni aliliona kopo kabla ya kuwaona Mayala na Lusia. Aligeukia ukuta.

"Nilikwambia ni yetu sisi wawili," alisema.

"Samahani, shangazi."

Mayala aliiweka pete juu ya shuka. Dada yake aliichukua, akaigeuza, akaanza kulia.

"Mpiga picha aliniambia ngozi yangu ni nyeusi mno, taa hazinishiki," alisema. "Aliyeniuzia krimu alinionya nivue dhahabu kabla ya kupaka. Nikavua. Mimi, niliyezaliwa mwaloni, sikuuliza ni kitu gani kinachokula dhahabu. Kaka, nilivua pete isiharibike, uso nikauacha."

Mayala alisogea kitandani. Alimshika mguu uliovimba, na kidole chake kikaacha shimo kwenye ngozi.

Daktari Ignas alilifunika kopo na kuliweka kwenye mfuko. "Sasa najua ninapambana na nini. Kama mngemtoa kesho, nisingejua kamwe." Alimpima na Lusia pia, akamwonya asipake tena kitu chochote usoni, na arudi kliniki hadi atakapomwambia basi. Kisha alimgeukia Mageni. "Figo zikiachwa zipumue, zinaweza kupona. Mikono itachukua muda, sijui mrefu kiasi gani. Kuhusu uso, sitakudanganya. Hautakuwa ule."

Mageni alifumba macho. "Basi nimekwisha," alisema, na kwa kazi yake ilikuwa kweli.

Alikaa wodini wiki nyingi. Uvimbe ulishuka, akaanza kumaliza chakula, lakini mabaka yalibaki pale pale na mikono iliendelea kutetemeka. Aliporudi nyumbani hakuomba pazia lifungwe. Alikaa tu, akitazama nje kama mtu anayesubiri gari ambalo amekwishaambiwa halitakuja. Lusia alimwona akijaribu kutunga uzi, akashindwa, akajaribu tena, akaitupa sindano. Siku hiyo Lusia alikwenda nyuma ya nyumba akalia hadi kichwa kikamuuma.

Kisha Klara akaja kumtembelea. Alikuwa na doa jipya kwenye shavu, na alimsalimia shangazi kwa furaha.

"Shikamoo, Madamu Mage. Na mimi natumia krimu yako. Dada yangu aliinunua Kahama baada ya wewe kuisifia kwenye televisheni."

Mageni alilitazama doa la Klara. Alikuwa amesahau, au alikuwa amejisahaulisha, kwamba mwenye duka aliyemuuzia krimu alikuja kumpa makopo bure ili ayasifie, na kwamba alikuwa ameyainua mbele ya kamera Jumamosi baada ya Jumamosi huku akicheka, na kila mtu kwa Mayala aliliona kuwa tangazo tu.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema hatimaye. Alimgusa Klara shavuni kwa mkono wake wenye kutetemeka. "Uso wangu unauona? Ndiyo krimu hiyo. Ina sumu. Leo hii mama yako akupeleke kwa Daktari Ignas, wewe na dada yako, na kopo mlibebe."

Klara alianza kulia. Mageni aliondoa mtandio kichwani, akauweka chini, akampa Lusia simu.

"Nirekodi. Usitafute upande mzuri, haupo."

Mbele ya simu alikaa wima, kama alivyozoea. "Naitwa Mageni. Mlikuwa mnaniita Madamu Mage. Krimu niliyowasifia ina zebaki, imeniharibu uso na nusura initoe roho. Aliye nayo aiache leo, aende hospitali. Na daktari akikuuliza umepaka nini, mwambie. Mimi nilimficha kwa sababu nilikuwa naona aibu, na nilikuwa tayari kufa nayo."

Video ilisambaa haraka. Wengine walimshukuru. Wengine, na hawakuwa wachache, waliucheka uso wake, wakaweka picha yake ya zamani kando ya hii mpya. Lusia alitaka kuificha simu, lakini Mageni aliichukua, akayasoma yote, akairudisha.

"Wacha wacheke, mradi wameona," alisema. Alimwita Lusia akae karibu yake, na mama Lusia akasogea kusikiliza. "Nisikilize vizuri. Nilikufanyia kosa. Mtu mzima akikwambia usimseme, na huku unaona mwili wake au wako unaumia, hiyo si siri ya kutunza. Toka hapo hapo ukamwambie mtu. Hata kama ni mimi. Hata kama nitakuchukia."

"Ulinichukia?"

"Siku nzima," alisema Mageni. "Lakini kama ungenyamaza, hata siku hiyo ya kukuchukia nisingekuwa nayo."